Imani, Njozi na Wazimu: Tafakuri Baada ya Kuisoma Upya Kinjeketile

Utangulizi

Swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya sikulipata maktabani. Nililipata katika chumba kidogo cha hospitali moja ya umma, nikiwa nimeketi kwenye benchi la mbao baina ya mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke wa makamo aliyesema kwa sauti ya chini, alikuwa amemsikiliza mdogo wangu kwa muda wa takribani nusu saa. Mdogo wangu alikuwa amemweleza kwamba Mungu amemtia muhuri kifuani, kwamba watangazaji wa redio walikuwa wakimpasha ujumbe wake kwa mafumbo, na kwamba alikuwa ameamriwa asile chakula kilichopikwa na mkono wa mwanamke. Daktari aliyaandika hayo yote bila kumkatiza. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba ninafundisha chuo kikuu, akauliza: "Mwalimu, kwenu watu huamini mambo kama haya?"

Nilinyamaza. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi tamthilia ya Kinjeketile, na katika tasnifu yangu ya uzamifu niliandika sura nzima kuhusu njozi na unabii katika fasihi ya Kiswahili. Iwapo kulikuwa na mtu katika jengo lile aliyepaswa kuwa na jibu, mtu huyo ni mimi. Hata hivyo, sikuwa na la kusema ambalo lingemfaa daktari, wala mama yangu, sembuse mgonjwa mwenyewe.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile, ijapokuwa nimechelewa. Nyuma yake kuna swali pana zaidi: je, imani ya dini yaweza kuhesabiwa kuwa ni njozi ya akili iliyougua? Wanafunzi wetu wengi wamekutana na swali hili kupitia kitabu alichokichapisha Richard Dawkins mwaka wa 2006, The God Delusion. Na huenda wasijue kwamba mwanabiolojia huyo Mwingereza alizaliwa Nairobi mwaka wa 1941. Mimi si tabibu wala mwanatheolojia. Nitalijadili suala hili kwa zana nilizo nazo, yaani zana za mhakiki, nikiegemea tamthilia ya Ebrahim Hussein, historia ya Elijah Masinde, na mkasa wa nyumbani kwetu. Msomaji aniwie radhi kwa kuyachanganya ya chuoni na ya nyumbani. Itadhihirika baadaye kwamba yalikuwa yamekwisha kuchanganyika kabla sijaishika kalamu.

Maneno yenyewe

Inafaa tuanze na lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa kile tunachokitafuta, na kila neno lina nadharia yake ndani. Mazigazi ni maji yanayoonekana kwa mbali juani, ambayo mtu akiyasogelea huyakosa. Kosa hapa ni la macho, na dawa yake ni kusogea. Kiinimacho ni hila ya mtu mwingine, mjanja anayetuonyesha kisichokuwapo. Hapa pana mdanganyifu na mdanganywa. Njozi huonwa na mlalaji, lakini huonwa pia na nabii, na neno lenyewe halituambii ni nani kati ya hao wawili anayezungumza.

Neno lenye uzito zaidi ni wazimu. Halikosi uhusiano na mzimu, yaani roho ya aliyetangulia. Mwenye wazimu, kwa mantiki ya neno lenyewe, ni mtu aliyezuriwa. Hali kadhalika, majinuni ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, nalo humtaja mtu aliyeingiwa na jini. Kwa hiyo, lugha yetu imemweka mwendawazimu na mwaguzi katika nyumba moja, na kumwachia msikilizaji kazi ya kuwatenganisha.

Mtu asidhani kwamba shaka hii ililetwa na sayansi ya Magharibi. Imo ndani ya vitabu vitakatifu vyenyewe. Kurani, katika sura ya Al-Qalam, inamkinga Mtume na shutuma kwamba yeye ni majinuni. Maana yake ni kwamba shutuma hiyo ilikuwapo na ilihitaji jibu. Injili ya Marko, katika sura ya tatu, inasimulia jinsi jamaa za Yesu walivyotoka kwenda kumkamata kwa kuwa watu walisema amerukwa na akili. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi. Siku tulipomwingiza mdogo wangu garini kwa nguvu, binamu zangu wawili wakimshika mikono, ndipo nilipoikumbuka kwa namna ambayo sikuwa nimeikumbuka kabla yake.

Kwa upande wa pili kuna neno imani. Katika Kiswahili, neno hili lina maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Tukisema fulani hana imani, yamkini tunasema kwamba haamini. Na yamkini tunasema kwamba hana huruma. Nimezoea kuwaeleza wanafunzi kwamba jambo hili ni upanuzi wa kimaana tu. Siku hizi sina hakika kwamba ni upanuzi tu, nami nitalirudia mwishoni.

Kipimo cha matabibu

Matabibu wamejitahidi kuiwekea mipaka imani inayotokana na ugonjwa. Mwaka wa 1913 Karl Jaspers, Mjerumani aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mwanafalsafa, alitaja alama tatu: uhakika usio wa kawaida, kutorekebishika kwa hoja wala kwa tajriba, na kutowezekana kwa jambo lenyewe linaloaminiwa. Baadaye Chama cha Wanasaikayatria cha Marekani, katika toleo la nne la mwongozo wake lililotoka mwaka wa 1994, kiliongeza kipengele muhimu: imani haihesabiwi kuwa ni njozi ya mgonjwa ikiwa ni imani ya kawaida katika utamaduni wa mhusika, mathalan fundisho la dini yake. Hiki ndicho kipengele kilichomfanya daktari aniulize aliloniuliza.

Kipengele hiki kina hekima yake. Humzuia tabibu mgeni asiwaandike wazimu wanakijiji wote kwa sababu tu hawafanani naye. Hata hivyo, kina kasoro mbili. Kwanza, kinamweka nabii wa kwanza mahali pa hatari: kabla ya kupata wafuasi yeye ni mgonjwa, na baada ya kuwapata amepona, ilhali yeye mwenyewe hajabadilika. Pili, kinafanya idadi ya watu kuwa kipimo cha siha ya akili. Hapa Dawkins ana hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Yeye anashikilia kwamba wingi wa waumini hauliondolei jambo upotofu wake; kosa la mtu mmoja likishikwa na watu milioni moja hubaki kuwa kosa.

Sigmund Freud aliligusa suala hili kwa makini zaidi kuliko wanavyodhani wengi wanaomtaja. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1927 kuhusu mustakabali wa dini alizitenga dhana mbili. Kuna wazo linalozaliwa na matamanio yetu, na kuna wazo linalopingana na uhalisi. La kwanza si lazima liwe la uongo: Columbus alitamani kuamini kwamba amegundua njia ya kwenda Uhindi, na msichana wa tabaka la kati anaweza kutamani kuolewa na mwana wa mfalme, na mara chache jambo hilo limetokea. Freud aliitia dini katika fungu hilo la kwanza, ingawa aliongeza kwamba baadhi ya mafundisho yake yanakaribiana na lile la pili. La muhimu kwetu ni hili: kuthibitisha kwamba imani imezaliwa na haja ya moyo si kuthibitisha kwamba ni ya uongo. Chanzo cha wazo ni jambo moja, na ukweli wake ni jambo jingine. William James alikuwa amekwisha kulionya hilo mwaka wa 1902, aliposema kwamba hatumalizi habari ya Mtume Paulo kwa kumpa jina la ugonjwa.

Kinjeketile: nabii mwenye shaka

Tuigeukie sasa tamthilia. Historia inajulikana. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji yaliyoaminiwa kuwa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilianza katika milima ya Umatumbi mnamo Julai 1905. Kinjeketile alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Hadi vita vilipomalizika, wengi walikuwa wamekufa kwa njaa iliyotokana na kuchomwa kwa vijiji na mashamba. Serikali ya Kijerumani ilikisia vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliyakadiria maafa hayo kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake iliyochapishwa mwaka wa 1969, anatutahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa wala si yule wa historia. Wahakiki wengi wameipokea kauli hiyo kama adabu ya kawaida ya mwandishi. Kwa maoni yangu, tofauti ya tarehe inatuonyesha uzito wake. Kinjeketile wa historia alinyongwa kabla ya Mahenge. Hakuyaona maji yakishindwa pale bomani. Kinjeketile wa Hussein anaishi hadi ushindwe huo, na anaujua. Mwandishi amemrefushia maisha ili ampe kile ambacho historia ilimnyima, yaani ushahidi dhidi ya imani yake mwenyewe. Kwa ufupi, tamthilia hii inauliza: mtu hufanya nini na imani yake baada ya risasi kuijibu?

Jambo la kushangaza ni kwamba shaka ya Kinjeketile haisubiri risasi. Akiwa amepagawa na Hongo anatamka kwamba watu wataungana, watamshinda Mjerumani, na kisha watakuwa wana wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema, anaingiwa na hofu: uhuru gani huu wa kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine? Je, ni Hongo aliyesema, au ni yeye mwenyewe? Na kama ni Hongo, je, amemhadaa? Lakini neno limekwisha kutoka. Limepokewa na watu waliokuwa wametengana kwa makabila, nao wameungana kwa ajili yake. Anawasihi wasubiri, wasikimbilie vita, hawasikii. Katika jamii nzima ya tamthilia hiyo, mtu anayeisumbukia zaidi imani ile kwa maswali ni yule aliyeileta.

Tukirejelea alama za Jaspers, basi, Kinjeketile hana ile ya kwanza wala ya pili. Hana uhakika usiotikisika, na wazo lake linasogea kila linapokutana na tajriba. Kwa kipimo cha matabibu wenyewe hawezi kuitwa mgonjwa. Hata hivyo, mwishoni, akiwa kifungoni pamoja na Kitunda, anakataa kutamka mbele ya watesi wake kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua kwamba akitamka hivyo, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kila kitu kilichopiganiwa kilikuwa uongo pia.

Katika tasnifu yangu niliusifu uamuzi huo pasi na masharti. Nilidai kwamba maji ni sitiari ya umoja, na kwamba sitiari haifi kwa risasi. Bado naamini kwamba sehemu ya dai hilo ni sahihi. Imani ya maji ilibeba madai mawili. La kwanza lilihusu risasi, nalo lilikuwa la uongo. La pili lilihusu watu, kwamba Mmatumbi, Mngindo na Mngoni wanaweza kuwa kitu kimoja na kwamba hawakuumbwa wawe vibarua wa pamba ya mtu mwingine. Dai hilo bunduki ya rashasha haikuweza kulikanusha. Kosa langu lilikuwa kulitaja la pili kana kwamba la kwanza halikuwapo. Waliokwenda Mahenge hawakujipaka sitiari. Walijipaka maji, na walitarajia yawakinge.

Masinde na babu yangu

Sababu ya kuipenda tafsiri ile ilikuwa ya nyumbani. Babu yangu mzaa baba alikuwa kijana katika sehemu za Malakisi wakati Elijah Masinde alipokuwa akihubiri Dini ya Msambwa. Masinde, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji kandanda wa kutajika, aliwataka Wabukusu wairudie dini ya wahenga wao na kukataa amri za kikoloni, ikiwemo ya kazi za kulazimishwa mashambani. Mwaka wa 1945 serikali ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi mwaka wa 1947. Mnamo Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini huko Malakisi, wakauawa watu 11. Dini yenyewe ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Hata baada ya uhuru alirudishwa gerezani zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka wa 1987.

Babu hakuwa mfuasi wake. Alikuwa mshiriki wa Kanisa la Marafiki na alikufa akiwa hivyo. Lakini kila alipomtaja Masinde alimalizia kwa maneno yaleyale: "Walimpeleka Mathari kwa sababu hawakuwa na jibu la kumpa." Nilikua na sentensi hiyo. Nilipokuja kusoma kwamba J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Mathari katika miaka hiyo, ndiye aliyeandika mwaka wa 1954 kwa niaba ya serikali ya kikoloni kijitabu cha kueleza saikolojia ya Mau Mau, sentensi ya babu ilipata tanbihi. Nikaamini kwamba jina la wazimu ni silaha ya mtawala, na kwamba wajibu wa msomi wa Kiafrika ni kulikataa kila linapotolewa.

Kosa langu

Mdogo wangu alianza kubadilika alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 26. Aliacha kulala. Aliacha kuwatembelea marafiki zake. Alianza kufunga, kwanza siku moja kwa juma, kisha tatu. Mama alinipigia simu akilia, akaniuliza kama tumpeleke hospitali au kwenye kituo cha maombi ambacho jirani alikuwa amemtajia.

Nilimjibu nikiwa ofisini, rasimu ya makala iko mezani. Nilimwambia: "Mama, tusiwe na haraka ya kumwita mgonjwa. Hata Masinde walimwita mwendawazimu." Ndivyo nilivyosema. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mama aliibeba kauli hiyo kama cheti. Shangazi yetu, ambaye ni muuguzi, alipomsihi ampeleke kwa daktari, mama alimjibu: "Hata mwanangu mwenye udaktari amesema si ugonjwa." Shangazi hakuwa na la kuongeza.

Ilipita miezi 14. Nilipokwenda nyumbani likizo ya Desemba nilimkuta mdogo wangu amekaa nyuma ya ghala, amejifunika blanketi mchana wa jua kali, mbavu zake zahesabika. Alinitazama bila kunitambua kwa kitambo, kisha akanionya kwa mnong'ono kwamba nisiliseme jina lake karibu na redio. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu watu wanaosikia sauti. Sikuwa nimewahi kumtazama usoni mtu anayezisikia.

Turudi sasa kwenye swali la daktari. Baada ya kimya changu alinisaidia. Alisema: "Sikuulizi kama Mungu yupo, Mwalimu. Nauliza kama huyu ndiye ndugu yako uliyemjua." Hapo niliweza kujibu. Nilimwambia kwamba kwetu watu huamini kwamba Mungu husema na watu. Mama anaamini, na babu aliamini. Lakini hakuna mtu kwetu anayeamini kwamba watangazaji wa redio wanasema na mdogo wangu peke yake. Msamiati wake ulitoka kanisani. Muhuri, amri na saumu ni maneno ya dini yetu sote. Lakini yeye alikuwa ameyachukua na kuingia nayo mahali ambapo hakuna awezaye kumfuata. Imani ya Masinde mtu aliweza kujiunga nayo, au kuikataa, au kubishana nayo barazani. Imani ya mdogo wangu haikuwa na mlango.

Pingamizi ya Shakahola

Msomaji mwangalifu atakuwa amekwisha kuona udhaifu wa hoja hiyo. Ikiwa kipimo ni uwezekano wa wengine kujiunga, basi tumerudi kwenye kuhesabu watu, na Shakahola inatukanusha. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani, na upande wa mashtaka ulidai kwamba waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Baadhi ya waliookolewa walikataa kula hata baada ya kuokolewa. Imani ile ilikuwa na mlango, na mamia waliuingia.

Je, watu hao wote walikuwa wagonjwa wa akili? Sidhani, na kuwaita hivyo kungemwondolea lawama kila mwenye kulaumiwa. Lakini pia haitoshi kusema kwamba ilikuwa dini yao na kunyamaza. Kilichokosekana Shakahola si hoja wala wenzi wa kuamini nao. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuliza pale ambapo mwili wa mtoto ulikuwa umekwisha kutoa jibu. Hiyo ndiyo alama ya pili ya Jaspers, kutorekebishika, ila safari hii haikukaa katika ubongo wa mtu mmoja bali katika utaratibu wa jumuiya.

Hapa ndipo maana ya pili ya imani inaporejea. Imani iliyopoteza uwezo wa kusogezwa na mbavu za mwenzio imepoteza huruma; na Kiswahili kinatuambia kwamba mtu wa aina hiyo hana imani, hata kama midomo yake haikomi kulitaja jina la Mungu. Nilidhani kwamba huo ni upanuzi wa kimaana. Sasa nauona kuwa ni kigezo cha uhakiki.

Hitimisho

Ninachokishikilia, basi, ni hiki. Njozi ya akili iliyougua haitambulikani kwa yale inayoyasema tu, bali zaidi kwa namna inavyoshikwa. Imani ya dini yaweza kushikwa kwa mkono uliofunguka, nayo ikaulizwa, ikalia, ikanyamaza na kusubiri. Kinjeketile wa Hussein anatuonyesha hivyo. Yaweza pia kushikwa kwa ngumi. Lakini hilo si la dini pekee. Kazimoto katika Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) hana imani ya kumtia upofu, na bado fikira zake zinamfunga hadi anajiua. Na mimi nilikuwa na nadharia ya uhakiki ambayo niliishika kwa miezi 14 dhidi ya ushahidi wote uliokuwa ukinijia kwa simu kutoka nyumbani. Nilikuwa na uhakika, sikurekebishika, na wenzangu katika taaluma waliniunga mkono. Kwa kipengele cha mwaka wa 1994 nilikuwa mzima kabisa.

Sidai kwamba hoja hii inathibitisha kuwapo kwa Mungu. Kusema kwamba imani si ugonjwa si kusema kwamba ni kweli. Swali la ukweli linabaki palepale, na Dawkins na mama yangu wataendelea kulijibu kila mmoja kwa njia yake. Ninachodai ni kwamba maswali haya mawili yakichanganywa, hasara huwaangukia wanyonge: ama nabii anapelekwa Mathari, ama mgonjwa anaachwa nyuma ya ghala.

Mdogo wangu anatumia dawa tangu wakati huo, na amerudi kufundisha. Jumapili anakwenda kanisani pamoja na mama. Mwanzoni hilo lilinitia wasiwasi, nikamuuliza kama haogopi kwamba mambo yale yataanza tena. Alifikiri kidogo, akasema: "Kaka, ile sauti haikuniacha niulize hata mara moja. Huyu ninayemwomba hunyamaza sana. Nami humuuliza tena."

Muhula huu nimeifundisha Kinjeketile upya. Tulipofika kwenye tukio la kifungoni, mwanafunzi mmoja alisema kwamba maji ni sitiari, kama nilivyokuwa nikifundisha siku zote na kama alivyosoma katika makala yangu. Nilimwambia kwamba ni kweli, kisha nikamwomba aliambie darasa waliokufa Mahenge walikuwa wangapi. Hakujua. Tukaahirisha mjadala hadi juma lililofuata, ili kila mmoja wetu akasome kwanza.